Kosa Nililomtwika Baba

Mama alipofariki, baba aliamini kwamba yeye ndiye aliyemuua, na mtu aliyemfanya aamini hivyo ni mimi. Naliandika hili mapema ili nisije nikaanza kulizungukazunguka, maana mimi ni mwepesi wa kusema makosa ya wengine na mzito wa kusema yangu. Wanaonifahamu hawatashangaa.

Nafanya kazi Maruku, kwenye kituo cha utafiti wa migomba na kahawa. Si mtafiti mkubwa. Mimi ni fundi wa shambani: nahesabu miche, napima vimo, naandika kwenye daftari upi umekufa na upi umebaki. Miaka mingi nimeshughulika na mnyauko wa migomba, ugonjwa ambao mtu akikata mgomba mgonjwa, kisha akakata mzima kwa panga lile lile, ameshauhamisha. Kwa hiyo shamba la majaribio likiharibika, swali letu huwa ni moja: nani ameingia na panga ambalo halijapitishwa kwenye moto? Na karibu kila mara anapatikana. Atakuwa kibarua aliyekuwa na haraka, au jirani aliyejikatia majani ya kufunikia pombe yake. Nimewafokea watu wengi kwa sababu hiyo, na mara nyingi nilikuwa na haki. Ubaya wa kuwa na haki mara nyingi ni kwamba unazoea.

Nyumbani kwetu ni Ijumbi, upande wa Muleba. Wazazi wangu walikuwa wamebaki wawili tu kwenye kibanja, nyumba ikiwa katikati ya migomba, na mibuni ikiwa imechomekwa kati ya migomba. Baba alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Mama ndiye alikuwa msemaji. Alikuwa akinitania kwamba nimeolewa na migomba ya serikali, na kwamba siku nitakayozaa nitazaa ndizi.

Kikohozi chake kilianza wakati wa masika. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu, lakini picha ya kifua ilikuwa na doa, na huku kwetu doa la kifua likionekana mtu hufikiria kifua kikuu kabla ya kufikiria jambo lingine. Akaanzishiwa dawa. Alizimeza kwa utii wa ajabu, miezi mizima, bila kuruka siku. Kikohozi hakikupungua. Kilishuka tu, kikawa kinatoka chini zaidi, na nguo zake za kanisani zikaanza kumpwaya mabegani. Nilikuwa nikifika mwisho wa wiki naiona tofauti, na sikuipenda hata kidogo.

Tukampeleka Mwanza. Daktari aliyempokea alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, aina ya mtu anayekufanya umsogelee ili umsikie. Wakatoa kinyama kidogo kwenye pafu, wakakipeleka maabara. Tulisubiri wiki kadhaa. Jibu lilipotoka, lilikuwa saratani ya mapafu. Baba aliuliza inawezekanaje, kwa kuwa mama hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Daktari akasema wapo wengi wa namna hiyo, hasa wanawake, na wengine hawana hata moshi wa jikoni wa kusingizia.

Kisha akatupa habari njema. Kile kinyama kilipimwa vinasaba kwa kipimo cha haraka, na kilikuwa na badiliko ambalo dawa yake ipo. Si dripu, na nywele hazinyonyoki. Ni kidonge, kimoja kila siku. Alinieleza kwa mfano wa nyumba. Ndani ya chembe ya mwili ipo swichi inayoamuru chembe igawanyike au itulie. Kwa mama, swichi hiyo ilikuwa imekwama ikiwa imewashwa, na taa inawaka usiku na mchana. Kidonge hiki hakipigi mwili mzima. Kinaitafuta swichi ile ile tu na kuizima. Wagonjwa wengi, alisema, huanza kupumua vizuri ndani ya wiki chache.

Nikamuuliza kuhusu wale wachache. Akasema kwamba wapo watu ambao dawa haiwashiki tangu siku ya kwanza, na kwamba si mara zote sababu hujulikana. Nilimsikia vizuri. Nililiweka neno lile kando, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kufurahi.

Niliomba likizo, nikakaa Ijumbi wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo nilikuwa nakuja kila Ijumaa, kutoka Maruku hadi Bukoba mjini, na kutoka mjini hadi nyumbani. Nilinunua daftari. Sijui kumpenda mtu bila kumwandika. Kutoka mlango wa nyuma hadi bombani kulikuwa na safu kumi na nne za migomba, na kila Jumamosi asubuhi mama alijaribu kutembea, nami nikaandika amefika safu ya ngapi kabla ya kusimama kuvuta pumzi.

Jumamosi ya kwanza alifika kumi na moja. Ya pili, kumi na moja. Nikaandika pembeni: dawa inashika. Ya tatu alifika tisa, akasema amelala vibaya. Ya nne, tisa tena. Ya tano alifika ya saba, akauegemea mgomba, akatazama bomba kwa mbali kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitazama kitu. Hakusema neno. Mama yangu kukaa bila kusema neno lilikuwa jambo la kutisha kuliko kile kikohozi.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mkono. Sikutumia neno hilo wakati ule, lakini ndicho nilichofanya. Dawa ilikuwa sahihi, ugonjwa ulikuwa unajulikana, na shamba lilikuwa linaharibika. Basi lazima awepo mtu aliyeingia na kitu. Nikahesabu vidonge kwenye kopo, vikawa sawasawa. Nikauliza anameza saa ngapi, na kwa maji gani, na kama amekula. Mama alijibu yote huku akitazama pembeni, na kuhusu chakula akanijibu mara mbili, kwa namna mbili tofauti.

Wiki iliyofuata sikusubiri Ijumaa. Nilifika Jumatano asubuhi bila kupiga simu. Nilimkuta baba nyuma ya jiko, ameinamia kinu kidogo, anatwanga majani ya mubirizi. Kwetu mubirizi ni dawa ya homa, dawa ya tumbo, dawa ya jambo lolote ambalo halijapata jina. Ni mchungu kiasi kwamba mtoto akiona kikombe chake hukimbilia migombani. Baba alikuwa anakamua maji yake kwenye kikombe cha bati, na pembeni yake, juu ya kigoda, palikuwa na kopo la vidonge vya mama.

Hakujitetea wala hakuficha. Alinieleza kwa utaratibu, kama anayesoma matangazo kanisani, kwamba tangu likizo yangu ilipoisha amekuwa akimpa kikombe kimoja baada ya kidonge, ili damu isafishike na kidonge kipate njia. Mwisho wa wiki walikuwa wanaacha, kwa sababu walijua nitasema. Walipanga hivyo wote wawili, mume na mke, kunificha mimi.

Niliingia ndani na kile kikombe mkononi. Mama alikuwa amekaa kitandani na mto mgongoni. Baba akanifuata. Nikamwambia mbele ya mama, kwa sauti niliyoizoea ya shambani:

"Tata, umeiua dawa. Imekuja kumponya, wewe ukaiua kwa majani."

"Sikujua, waitu," alisema, akinipa neno letu la heshima kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

"Ungeuliza. Wiki zote hizi mdomo ulikuwa wapi?"

"Mwache baba yako," mama alisema.

Sikumwacha. Niliongea maneno mengine ambayo nayakumbuka yote na sitayaandika. Baba alisimama wima mikono ikiwa imening'inia, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka na kinu chake. Jumapili iliyofuata alimwomba mchungaji ampumzishe uzee wa kanisa. Alisema macho yamechoka.

Nilimpigia daktari simu kumweleza nilichogundua. Nilimweleza kama askari aliyekamata mwizi. Alinisikiliza, akasema mitishamba mingine kweli huingilia dawa, lakini hii hawezi kuisemea, hajui. Aliniambia tuiache, tuendelee na kidonge peke yake. Pia akasema kile kinyama cha kwanza bado kimehifadhiwa, na kwamba angekituma mbali, kwenye maabara yenye kipimo kipana zaidi, ili ajue kwa nini dawa haikushika. Mimi nikajibu kwamba sababu tumeshaipata. Akasema angekituma hata hivyo.

Mubirizi uliachwa. Mimi mwenyewe niliing'oa miti yake iliyokuwa nyuma ya jiko, yote minne, mbele ya macho ya baba. Nikaendelea kuandika. Safu sita. Safu tano. Safu nne, akiwa ameshikwa mkono. Mtu yeyote mwenye kazi kama yangu angeliona lile lililokuwa kwenye daftari. Kitu kinachodhaniwa kuleta madhara kimeondolewa, na mstari unashuka vile vile, mteremko ule ule, bila hata kutikisika. Ingekuwa ni miche, ningemwambia msimamizi wangu siku hiyo hiyo kwamba tumemkamata mtu asiye na kosa. Lakini ilikuwa ni mama, na nilihitaji mtu wa kukamata, basi nikasema madhara yalishafanyika na hayarudi nyuma.

Siku chache kabla hajafa, baba akiwa ametoka kufuata uji jikoni, mama alinivuta mkono. Alikuwa akiongea kwa vipande, neno, pumzi, neno.

"Usimwache baba yako na yale maneno."

"Nitayaondoa, Mama."

"Yaondoe mimi nikiwepo."

Nikasema ndiyo. Baba akarudi na uji, na mama akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye, akingoja. Nilichukua bakuli, nikaanza kuupoza uji kwa kijiko. Sikusema. Bado nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa ndiyo kitu pekee kilichonisimamisha siku zile. Alifariki asubuhi ya Alhamisi, jua likiwa limeshapanda. Tulimzika kwenye kibanja, upande wa kulia wa nyumba, mahali ambapo dirisha la chumba ninacholala linaangalia.

Baada ya mazishi nilirudi Maruku. Wiki ya tatu simu ya daktari iliita, nikiwa kitaluni, nimechuchumaa katikati ya miche. Alinipa pole, akaniuliza kama nina nafasi ya kusikiliza. Nikamwambia ninayo.

Kipimo kipana kilikuwa kimerudi. Alisema kwenye kile kipande cha kwanza kabisa, kilichotolewa kabla mama hajameza kidonge hata kimoja, hakukuwa na badiliko moja. Yalikuwepo mawili. Lile la kwanza ndilo kipimo cha haraka kilichokuwa kikilitafuta, na kikalipata. La pili hakikuwa na uwezo wa kuliona. Akarudi kwenye mfano wake wa nyumba. Kidonge kiliikuta swichi na kuizima, kama kilivyotakiwa. Lakini nyumba ile ilikuwa na waya wa pili ulioingia kwa nyuma, wa siku nyingi, na taa ikaendelea kuwaka kana kwamba hakuna aliyegusa kitu. Kwa wagonjwa wengine, alisema, waya huo huja baadaye, saratani inapojifunza kuikwepa dawa. Kwa mama ulikuwepo tangu mwanzo. Dawa ilishindwa kabla haijafika.

"Na mubirizi?" nikauliza.

"Hata angemeza kwa maji matupu kila siku, ingekuwa hivi hivi," alisema. "Mwambie mzee. Nilikumbuka ulivyokuwa unanieleza habari zake, ndiyo maana nimepiga mwenyewe."

Nilimshukuru. Nilikaa pale chini muda mrefu mpaka miguu ikafa ganzi. Kazi yangu hii imenifundisha mambo mawili, na mimi nilishika moja tu. La kwanza ni kutafuta panga. La pili ni kwamba katika kila kundi la miche upo mmoja ambao umezaliwa tofauti. Tunaipaka yote ugonjwa ule ule, inakufa, na mmoja unabaki umesimama, na hakuna mtu aliyeufanya chochote. Umekuja hivyo. Nimeishika miche ya namna hiyo kwa vidole vyangu, nikaifunga kibao cha namba, na kwa yote hiyo sikuwahi hata siku moja kuuliza ni kosa la nani.

Mtu mwingine angepanda gari siku ile ile. Mimi niliendelea kufunga vibao mpaka saa ya kutoka. Ijumaa nilikwenda nyumbani kama kawaida, nikiwa nimejiandaa kusema, na nikamkuta baba amenipikia. Maishani mwake hakuwahi kupika. Ndizi zilikuwa ngumu katikati, na maharage yalikuwa na chumvi ya watu kumi. Alikaa akinitazama ninavyokula, akaniuliza kama kazi inakwenda vizuri. Alikuwa mpole kwangu, upole wa mtu anayedaiwa. Nikajiambia si leo, nisimharibie chakula chake.

Ijumaa iliyofuata nikajiambia amechoka. Iliyofuata palikuwa na wageni wa jumuiya. Ukweli ni kwamba kumwambia baba kwamba hana kosa kulimaanisha kumwambia mwenye kosa ni nani, na huyo mtu alikuwa anakula maharage yake. Na lipo jingine, baya zaidi. Kama baba ndiye aliyeiharibu dawa, basi palikuwa na njia ambayo mama angepona. Waya wa pili ulikuwa hauna njia. Ulikuwa umeingia ndani ya kifua chake nani ajuaye lini, pengine wakati bado ananitania kuhusu migomba, tukicheka, na mwili wake ukiwa umeshaamua. Sikutaka kuishi kwenye nyumba ya namna hiyo. Nilipendelea ile yenye mtu wa kulaumiwa.

Kila asubuhi ya Jumamosi nilikuwa nasikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Baba alikuwa anakwenda kaburini na kikombe cha kahawa, anasimama, na anaongea. Dirisha langu halina kioo, ni ubao tu, na sauti iliingia. Alikuwa akiongea Kihaya, taratibu, maneno yale yale kila mara. Nilikuwa navuta blanketi hadi masikioni, na bado niliyasikia.

Jumapili ya saba tangu simu ya daktari, tulikwenda kanisani pamoja. Ilikuwa siku ya chakula cha Bwana. Watu wakainuka safu kwa safu kwenda mbele, na ilipofika zamu ya safu yetu, baba hakuinuka. Alikaza macho kwenye sakafu, mikono juu ya magoti, watu wakimruka. Mwanamume aliyekuwa akiwashikia wengine kikombe miaka yote hiyo. Jirani aliyekuwa ubavuni kwangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amekuwa akifanya hivyo tangu msiba. Niliona aibu.

Tulipofika nyumbani hata sikuvua viatu. Nilimwomba akae. Nilimweleza yote, swichi, waya wa pili, kile kipande cha kwanza, maneno ya daktari kuhusu maji matupu. Nilimwambia dawa haikufa kwa mkono wake. Nilimwambia nilikosea, na kwamba mama alinitaka niliseme hili yeye akiwa hai, nikakataa. Nililia, lakini nilisema mpaka mwisho.

Baba alisikiliza vile vile alivyosikiliza siku ile ya kikombe. Nilipomaliza nikaanza kutumaini kwamba angelia, au angecheka, au angenishika kichwa.

"Daktari alipiga simu lini?" aliuliza.

Nikamwambia.

Alihesabu kwa vidole, polepole, wiki moja moja.

"Na kila Jumamosi ulikuwa hapa," alisema. "Chumba kile."

"Ndiyo, Tata."

"Unanisikia ninavyomwomba msamaha."

"Nilikuwa nakusikia."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Akainuka, akachukua Biblia yake mezani, akaenda nayo hadi kwenye mlango wa chumba chake. Hakugeuka.

"Kesho utakwenda wewe," alisema.

Asubuhi nilikwenda kaburini. Umande ulikuwa mwingi na nilisahau kuvaa viatu. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikitafuta pa kuanzia. Nilipoanza kuongea nikasikia ubao wa dirisha la chumba changu ukisukumwa wazi kutoka ndani, na nikajua ni nani amesimama pale, anasikiliza.